Kidonda Kimepona, Mbona Mwili Bado Unauma?

Somo la kusoma nyumbani na kujadili katika vikundi vya ushirika

Somo la mara hii limetokana na jambo lililotuaibisha sisi wenyewe.

Kuna mama mmoja wa ushirika wetu ambaye ametupa ruhusa tueleze habari zake bila kumtaja jina. Mwezi wa Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa tarehe 27 Desemba 2007, alipigwa rungu begani akiwa njiani kukimbia. Alivuka mpaka pale Busia akiwa na mtoto mgongoni. Alipelekwa pamoja na wengine kwenye kituo cha muda cha Mulanda, wilaya ya Tororo, na baadaye mwaka huo huo akaletwa hapa Kiryandongo. Bega lilivimba, uvimbe ukashuka, ngozi ikapona. Mfupa haukuvunjika.

Lakini hadi leo bega lile linamuuma. Tena maumivu yameenea mpaka shingoni na mkononi. Kamba ya kikapu ikimgusa tu, anashtuka kama aliyeungua. Watoto wakigonga sufuria, kichwa kinamwanga.

Alipigwa picha ya eksirei, akaambiwa hakuna kitu. Kwenye foleni ya mgao watu walinong'ona kwamba anajifanya ili abebewe. Na sisi wa kanisani, badala ya kumsikiliza, tulimwambia huenda hajawasamehe waliompiga. Mama alinyamaza. Kwa miezi mingi hakuonekana tena kwenye ushirika.

Tulikosea. Tulidhani kwamba kidonda kikipona, maumivu nayo hayana haki ya kubaki. Tangu hapo tumejifunza kwamba sivyo mwili unavyofanya kazi. Tunaomba mlisome somo hili polepole, kwa kuwa hakuna kijiji katika makazi haya kisichokuwa na mtu wa namna hii.

1. MAUMIVU HUSAFIRI VIPI?

Ninyi mliopita Busia mnajua kwamba neno boda boda lilizaliwa pale pale mpakani. Miaka ya 1960 vijana wa Busia walianza kubeba watu na mizigo kwa baiskeli kutoka kituo cha upande mmoja hadi kituo cha upande wa pili, wakiita wateja: "Boda, boda!" Maana yake ni kutoka mpaka hadi mpaka.

Ndani ya mwili wako wamo wabebaji kama hao. Wanaitwa neva. Ukikanyaga msumari, neva za mguu hubeba habari ya hatari mpaka kwenye ugwe wa mgongo, ile kamba laini iliyofichwa ndani ya mifupa ya uti wa mgongo. Pale ndipo kituo cha mpaka kilipo. Mwaka 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walieleza kwamba pale kuna kitu kama lango. Habari inaweza kupita yote, inaweza kupunguzwa, na inaweza hata kuongezwa sauti. Ndiyo maana ukijigonga kiwiko unakisugua, na maumivu yanapungua kidogo: mguso wa mkono wako umesaidia kufunga lango.

Habari iliyoruhusiwa hupanda hadi kwenye ubongo. Ubongo huipima: hatari hii ni kubwa kiasi gani? Tumewahi kupigwa hapa? Tuko salama au tuko vitani? Baada ya kupima, ubongo ndio unaotoa maumivu. Mguu hupeleka habari tu. Anayeumwa ni mtu mzima, kupitia ubongo wake.

Hapa tusikosee. Kusema maumivu hutolewa na ubongo sio kusema ni ya kujifikiria. Jicho hupokea mwanga, ubongo ndio unaoona, lakini hakuna anayesema kwamba kuona ni kujifanya. Maumivu nayo ni hivyo hivyo.

2. WALINZI WA NDANI

Kila mtu amewahi kujikata na jembe au kisu. Kesho yake kidonda kinavimba, kinakuwa chekundu, kinapata joto na kuuma. Huo ni mwili unaojilinda. Askari wa damu wamefika kupigana na vijidudu na kusafisha takataka. Katika somo hili tutaiita hali hiyo mwako, kwa sababu mtu huhisi kama moto unawaka.

Jambo ambalo wengi wetu hatukulijua ni kwamba ubongo na ugwe wa mgongo nao wana walinzi wao, na wanaweza kuwa na mwako wao. Walinzi hao ni seli ndogo sana zinazoitwa maikroglia. Aliyezitambua na kuzipa jina mwaka 1919 ni Mhispania Pío del Río Hortega. Ndugu zetu wakimbizi watafurahi kusikia kwamba mtu huyo naye alikuja kuwa mkimbizi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Hispania mwaka 1936 aliiacha nchi yake, akafanya kazi Paris, kisha Oxford, na mwishowe Buenos Aires, Argentina, ambako alifariki mwaka 1945.

Maikroglia hufanya doria usiku na mchana. Wakati wa amani zina mikono mirefu myembamba ambayo hupapasa kila mahali, zikiokota takataka. Zikisikia hatari hubadilika: hunenepa, hukunja mikono, na kumwaga kemikali za kuita msaada. Kemikali hizo huitwa sitokini. Sitokini zikiwafikia jirani zao, yaani seli za neva zinazobeba habari ya maumivu, neva hizo huwa nyepesi kushtuka. Kitu kidogo kinakuwa kikubwa. Mguso wa kawaida unageuka kuwa uchungu.

3. MALARIA YA TORORO INATUFUNDISHA NINI?

Mkidhani mambo haya ni ya maabara za Ulaya tu, kumbukeni malaria. Tororo ilijulikana kwa malaria hata kabla ya 2008. Watafiti waliopima mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikadiria kwamba mtu mmoja huko aliumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 500 kwa mwaka. Baadaye vyandarua na dawa ya kupulizia ndani ya nyumba vilipunguza sana idadi hiyo, ingawa malaria haijaisha.

Sasa jiulize: malaria inapoanza, unahisi nini? Viungo vyote vinauma. Mgongo unauma ingawa hukulima. Shuka ikikugusa ngozi inakuwasha kama upupu. Mwanga unakuchoma macho. Hutaki kula, hutaki maneno, unataka kulala peke yako gizani. Hakuna aliyekupiga. Ni nini kimetokea?

Mwili umegundua adui, nao ukatoa sitokini katika damu. Habari hiyo ikafika kwenye ubongo kwa njia ya damu na kwa njia ya neva. Ubongo ukatoa amri: huyu mtu alale, asitembee, atunze nguvu za kupigana. Njia mojawapo ya kumlazimisha alale ni kuongeza sauti ya maumivu.

Jambo hili limepimwa. Linda Watkins na Steven Maier wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba panya aliyepewa sumu ya bakteria huanza kuhisi maumivu upesi kuliko kawaida. Baadaye watafiti wa Ujerumani na Sweden waliwapa watu wazima waliojitolea kiasi kidogo sana cha sumu kama hiyo, chini ya uangalizi. Kwa saa kadhaa watu hao waliumia upesi zaidi walipobonyezwa, ingawa misuli yao haikuwa na jeraha lolote.

Kwa hiyo kila mmoja wetu aliyeugua malaria ameshawahi kuonja hali ambayo mama yetu anaishi nayo. Tofauti ni kwamba kwetu ilidumu siku chache.

4. MLINZI ASIYESHUKA LINDONI

Homa ikiisha, walinzi wanapaswa kushuka lindoni. Kwa watu wengi hushuka. Kwa wengine hawashuki.

Wakumbukeni walinzi wa mpakani katika siku za hatari. Ghasia zikiwa zinaendelea, kila mfuko unafunguliwa, kila kijana anaulizwa maswali. Hiyo ni sawa, maana hatari ipo. Lakini hebu fikirini kama miaka kumi baadaye, amani ikiwa imerudi, walinzi wale wale bado wanapiga filimbi kwa kila mtoto anayepita na mkate. Hakuna mwizi. Filimbi ni ya kweli, na masikio yanaumia kweli, lakini haituambii tena kwamba kuna mwizi.

Mwaka 1983 Clifford Woolf, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa akifanya kazi London, alionyesha kwa panya kwamba jeraha la mguu linaweza kuufanya ugwe wa mgongo wenyewe uwe mwepesi kushtuka. Hata mguu ulipotiwa ganzi, ugwe uliendelea na hali ile. Maana yake tatizo lilikuwa limehama: halikuwa tena mguuni peke yake.

Mwaka 2015 watafiti wa hospitali ya Massachusetts General mjini Boston, wakiongozwa na Marco Loggia, walipiga picha maalumu za ubongo wa watu wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu. Waliona alama ambayo huongezeka seli za walinzi zinapoamka, nayo ilikuwa juu kuliko kwa watu wasio na maumivu. Mwaka 2019 watafiti hao pamoja na wenzao wa Sweden waliona jambo linalofanana kwa watu wenye ugonjwa wa kuumwa mwili mzima. Wataalamu bado wanajadiliana kama mwako huo ndio unaoleta maumivu au maumivu ndiyo yanayouleta. Lakini hakuna tena sababu ya kusema kwamba watu hao hawana kitu.

Mfano wa karibu nasi ni mkanda wa jeshi. Malengelenge hukauka, ngozi hupona, lakini baadhi ya wagonjwa, hasa wazee, hubaki na uchungu mahali pale kwa miezi au miaka, kiasi cha kushindwa kuvaa shati. Virusi vilijeruhi neva, na mfumo wa habari haukurudi ulivyokuwa.

Je, ni nini kinachowazuia walinzi kushuka? Mambo kadhaa yanajulikana kuongeza hatari: jeraha la neva, maambukizi yanayorudi rudi, kukosa usingizi, hofu ya muda mrefu, na huzuni nzito. Katika wanyama, mateso ya muda mrefu huziacha maikroglia zikiwa tayari kuwaka kwa jambo dogo. Madaktari wanaowahudumia wakimbizi na watu walioteswa hukutana mara nyingi na maumivu ya mwili yasiyoisha, na mara nyingi yanakuja pamoja na ndoto mbaya na mshtuko. Sasa someni tena orodha ile: kukosa usingizi, hofu, huzuni, homa zinazorudi. Je, siyo maisha yetu ya mwaka 2008?

5. KWANZA, MTU APIMWE

Hapa tunaomba mtusikilize sana, kwa sababu somo hili likisomwa vibaya linaweza kuua. Sio kila maumivu ni filimbi ya bure. Kuna maumivu yanayotangaza hatari ya kweli, na hayo hayangoji ushirika wala maombi ya usiku kucha. Ombeni mkiwa njiani kwenda hospitali.

Nendeni hospitali mara moja, hata usiku, kama mgonjwa ana:

- Homa kali pamoja na shingo iliyokakamaa, kichwa kikali sana, au macho yasiyovumilia mwanga. Inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo.
- Degedege, kuchanganyikiwa, au usingizi asioamka. Inaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani.
- Maumivu ya mgongo pamoja na miguu kuishiwa nguvu, au kushindwa kuzuia haja.

Nendeni mkapimwe bila kuchelewa kama kuna maumivu ya mgongo pamoja na kukonda, homa za jioni na jasho la usiku. Kifua kikuu hushambulia hata mifupa ya mgongo, nacho kina tiba. Mwenye mkanda wa jeshi awahi ndani ya siku 3 tangu malengelenge yatokee, kwa maana dawa ya virusi husaidia zaidi ikianza mapema. Na akubali kupimwa VVU. Mwenye miguu inayowaka moto usiku apimwe sukari na VVU.

Mtu akishapimwa na haya yote yakaondolewa, na maumivu yamezidi miezi 3, ndipo tunaweza kusema huenda walinzi wamekataa kushuka.

6. TUFANYE NINI?

Tuseme ukweli: hadi leo hakuna kidonge kilichothibitishwa cha kuzilaza maikroglia. Atakayekuuzia dawa ya kusafisha ubongo sokoni Bweyale anataka fedha yako tu. Hata hivyo yapo mambo yanayosaidia.

Dawa kwa kiasi. Panadol kwa mtu mzima isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku nzima. Kuzidisha huharibu ini. Diklofenaki na ibuprofeni hufaa kwa uvimbe mpya, lakini kuzimeza kila siku kwa miezi huleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo, na kwa maumivu ya namna hii mara nyingi hazisaidii sana. Muulize mhudumu wa afya kuhusu amitriptilini. Kwa kiasi kidogo usiku huwasaidia baadhi ya wagonjwa wenye maumivu ya neva, na huwapa usingizi. Usiinunue bila kuandikiwa.

Usingizi. Usiku mmoja tu wa kukesha humfanya mtu mwenye afya aumie upesi kesho yake. Tengeneza mahali pa kulala, weka chandarua, lala saa ile ile. Ukizuia mbu unazuia homa, na homa ikizuiwa walinzi wanapata nafasi ya kutulia.

Mwendo wa polepole. Anayeogopa maumivu huacha kutumia kiungo, kiungo kinadhoofika, maumivu yanaongezeka. Mama yetu alishauriwa aanze na jerikeni ya lita 5 badala ya 20, hatua chache, kila siku, hata siku asiyojisikia. Na siku anayojisikia vizuri asizidishe. Baada ya wiki mbili aliongeza kidogo. Hivyo ubongo unajifunza kwamba bega likisogea hakuna atakayelipiga.

Kusikilizwa. Hii ndiyo sehemu ya kanisa. Mtu anayeambiwa kila siku kwamba ni mwongo anaishi kwenye hatari, na walinzi wake hawana sababu ya kulala. Mtu aliye kati ya watu wanaomwamini ana hatari moja pungufu. Kusamehe ni jambo jema na lina wakati wake, lakini tusilitumie kama fimbo ya kumpigia anayeumwa. Wenye ndoto mbaya na mshtuko tuwasindikize kwa washauri wa afya ya akili bila kuwaonea haya.

7. MWISHO WA SOMO

Mpaka wa Busia tuliouvuka sio mpaka wa leo. Wakati ule msafiri alipanga foleni upande mmoja, kisha akapanga tena upande wa pili. Mwezi wa Februari 2018 kituo cha pamoja kilifunguliwa rasmi, na sasa msafiri hukaguliwa mara moja katika upande anaoingia. Haikuwa kazi ya siku moja. Ilichukua miaka, na watumishi walibidi wajifunze upya. Ubongo nao hujifunza upya. Hujifunza polepole, na mara nyingine haufiki mwisho, lakini hujifunza.

Mama yetu hajapona kabisa. Bega linauma bado, hasa akilala vibaya au akipata homa. Lakini sasa anabeba lita 10, na kamba ya kikapu haimrushi tena kama zamani. Jumapili moja tulisimama mbele ya ushirika tukamwomba msamaha. Alisema maneno machache tu: kwamba kuamini maumivu yake kumempunguzia mzigo kuliko kubebewa maji.

Tukumbuke hilo tunapomwona mtu kwenye foleni akiwa ameshika kiuno, na hakuna kidonda kinachoonekana.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ulipougua malaria mara ya mwisho, ni vitu gani vya kawaida vilivyokuuma? Ubongo ulikuwa unafanya kazi gani?
2. Kuna tofauti gani kati ya kusema "maumivu hutolewa na ubongo" na kusema "anajifanya"?
3. Taja dalili tatu ambazo zikitokea usiku hatutangoja asubuhi. Katika kijiji chako, nani ana simu au pikipiki ya kumpeleka mgonjwa?
4. Je, yuko mtu katika kikundi chako ambaye tulimhukumu kwa sababu ya maumivu yake? Nani atamtembelea wiki hii, naye ataenda kusikiliza au kufundisha?